Mchicha umeoza, vitunguu vimechipua: mfuko wa pamba hauna kosa

Mkuu, umeuliza kwa nini mchicha umeoza na vitunguu vimechipua, na vyote vilikuwa kwenye mifuko ya pamba. Jibu liko kwenye maji. Kuna mifuko inayotakiwa iwe na unyevu na kuna inayotakiwa iwe mikavu kabisa. Ukiibadilishanabadilishana, unaharibu vyote.

Kwanza hakikisha ni pamba kweli. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 1, 2019, ile mifuko mbadala ya rangirangi inayouzwa masoko ya Majengo na Sabasaba hapa Dodoma ukiishika utadhani kitambaa, kumbe ni plastiki. Chomoa uzi uuchome: pamba inaungua kama karatasi na kuacha majivu laini, plastiki inayeyuka na kuacha kidonge kigumu. Kwa kubebea sokoni haina shida, lakini hainywi maji, kwa hiyo kuhifadhia mchicha humo ni kazi bure.

Ukishonesha, nunua marekani, kile kitambaa cha pamba kisichopaushwa. Kabla ya kumpelekea fundi, kiloweke usiku kucha kwenye maji ya moto, ukifue kwa sabuni na kukianika. Kitambaa kipya kina wanga wa kiwandani unaokizuia kunywa maji, na kinanywea. Usipokifua kwanza, mfuko wa sentimita 40 utakuja kuwa wa 37 na mshono umejikunja. Mwambie fundi ashone mara mbili: kwanza kwa nje, apunguze ukingo, kisha ageuze ashone kwa ndani ili nyuzi zisibaki wazi. Ovaloki peke yake hufumuka ukifua mara kwa mara, na zile nyuzi zinanasa vipande vya majani vinavyoozea humo. Wa kubebea unataka kitambaa kizito, mikanda ya sentimita 65 hivi, na kila mwisho wa mkanda ushonwe mraba wenye msalaba ndani yake. Mkanda ukikatika, mara nyingi ni kwa sababu fundi amepitisha mstari mmoja tu.

Kuna kipimo ambacho mafundi wengi hawakiulizi: mdomo wa sado, ile ndoo ndogo ya kupimia sokoni. Pima mzunguko wake kwa utepe, ugawe kwa mbili, ongeza sentimita nne. Huo ndio upana wa mfuko. Hapo unauvisha mfuko kwenye sado iliyojaa nyanya, unapindua mara moja, hakuna nyanya inayoanguka wala kuchubuka. Ukinunua kwa kilo, mwambie muuzaji apime kwanza, mfuko uje baadaye, maana na wenyewe una uzito.

Sasa mchicha, chainizi na matembele. Fungua fungu mara ufikapo nyumbani, kwa sababu kamba inabana na katikati panapata joto; uozo unaanzia hapo. Toa majani yaliyochubuka, osha, kung'uta, acha kwenye chujio kama robo saa. Lowesha mfuko na uukamue mpaka usidondoshe hata tone. Panga mboga bila kushindilia, kunja mdomo, weka droo ya chini ya friji. Hapo unategemea siku tatu hadi tano. Wako nadhani ulikuwa unachuruzika, na mboga ilishindiliwa ikakosa hewa. Kama huna friji, tundika kivulini penye upepo, mbali na jiko, nyunyizia asubuhi na jioni, upike kesho yake. Kiangazi cha Dodoma kinasaidia sana hapa: hewa ni kavu, maji yanatoka kwenye kitambaa haraka na kupoza kilichomo. Masika mambo hubadilika, mfuko unachelewa kukauka, kwa hiyo nyunyizia kidogo mno. Na usiweke mboga jirani na ndizi mbivu au maembe. Gesi yake inageuza majani kuwa ya njano.

Vitunguu na vitunguu saumu: mfuko mkavu, ukitundikwa msumarini, visikae na viazi. Viazi vinatoa unyevu, vitunguu vinachipua. Viazi vyenyewe vipe mfuko wa kaniki, kitambaa cheusi, kwa sababu marekani inapitisha mwanga na viazi vinageuka kijani. Hicho kijani kinaambatana na sumu. Zabibu usizioshe mpaka unapokula. Ule unga mweupe juu ya punje ni kinga yake. Mfuko mkavu, friji, basi.

Karanga, mahindi na maharage bebea tu. Nyumbani hamishia kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana, yakiwa makavu. Kitambaa kinaruhusu unyevu na fukusi, na sumukuvu, sumu ya ukungu wa nafaka na karanga, si jambo la mzaha kwa mkoa uliopata wagonjwa na vifo mwaka 2016.

Kufua: geuza ndani nje, maji ya moto na sabuni, ya mboga chemsha dakika kumi kila wiki. Maji yetu ya bomba yana chumvi, sabuni inaganda kwenye nyuzi na mfuko unakakamaa. Suuza ya mwisho tia vijiko viwili vya siki kwenye lita kumi. Dawa ya kung'arisha acha, inachosha nyuzi. Ya kulainisha nguo ndiyo kabisa usiiguse, kitambaa hakitanywa maji tena. Damu ya nyama ikidondokea, anza na maji baridi na chumvi. Ya moto yanaigandisha. Afadhali nyama ibebwe kwenye kontena lake.