Mgeni akisema "quite good", usishangilie kwanza

Naongoza wageni kutoka Iringa mjini: Isimila, Kalenga, na wenye nafasi nawapeleka mpaka Ruaha. Vijana wanaoanza kazi hii huniuliza wakazanie Kiingereza gani. Majina ya ndege na wanyama wanayo tayari. Mimi huwaambia wakae na neno "quite", maana kamusi inakupa "kabisa" na "kiasi" kwa pamoja, halafu inakuachia kazi ya kuchagua.

Kwanza jua mgeni katoka wapi. Mmarekani akiziangalia zile nguzo za Isimila zilizochongwa na mmomonyoko, akasema "quite beautiful", amependa kwelikweli. Mwingereza akisema chakula cha loji kilikuwa "quite good", mara nyingi maana yake ni si haba, kimelika, basi. Sikiliza na sauti. Akilikaza "quite" kuliko "good", kuna kasoro anaificha kwa adabu. Adabu hiyo hata sisi tunayo: nani hajawahi kupewa ugali mbichi ugenini akasema ameshiba, ahsante?

Mambo yanageuka neno linalofuata likiwa halina nusu. Jambo ama linawezekana ama haliwezekani. Kwa hiyo "quite impossible", atamke Mwingereza au Mmarekani, ni haiwezekani kabisa, usibembeleze. "Quite sure" ni ana hakika. Mgeni aliyepanda jiwe la Gangilonga, mji wote uko chini yake, akasema "quite a view", hiyo ni sifa ya kweli. Na "not quite" ni bado kidogo. Ukimuuliza kama yuko tayari akakujibu hivyo, usiwashe gari.

Ushauri wangu mkubwa ni huu: acha kuuliza kama safari ni nzuri. Swali hilo linaomba adabu, na adabu ndiyo utakayopewa. Uliza kitu kinachoshikika. Kesho tutoke alfajiri au baada ya chai? Maji ya kuoga yalikuwa ya moto? Mtu yuleyule wa "quite good" atakuambia bila kigugumizi kwamba maji yalikuwa baridi na mto wa kitandani una harufu. Uliza jioni ya kwanza, mkiwa bado na muda wa kurekebisha, na umdadisi dereva pia. Wageni wakishakaa viti vya nyuma husahau kwamba naye anaelewa Kiingereza.