Umeitwa misheni Leeds kutoka Dar: siku inavyokwenda, cha kubeba, na kinachowashinda wengi

Mleta mada ameuliza hivi: ana miaka 19, amepata wito wa kutumikia miezi 24 kama mmisionari wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho (Wamormoni) katika Misheni ya England Leeds, hajawahi kutoka nje ya Tanzania, na anataka kujua siku ya mmisionari inakwendaje, abebe nini, na kwa nini wengine hurudi kabla ya muda. Najibu kama mtu aliyetumikia huko, na wengine mliotumikia mnaweza kuongeza.

Kinachowashinda vijana wengi si kuhubiri. Kuhubiri kunazoeleka ndani ya wiki chache. Kinachowashinda ni usingizi, miguu, chakula, baridi, na mtu mmoja wa kuishi naye usiku na mchana. Ukijipanga kwa hayo matano, roho itapata nafasi ya kufanya kazi yake.

Anza na karatasi. Jina kwenye pasipoti, cheti cha kuzaliwa na fomu zako za kanisa lifanane herufi kwa herufi, maana tofauti ndogo tu inaweza kukwamisha viza. Kwa viza ya Uingereza inayozidi miezi 6, Mtanzania anatakiwa kupima kifua kikuu kwenye kliniki inayotambuliwa na Uingereza, na cheti chake kinadumu miezi 6, kwa hiyo usikimbilie kupima kabla hujaelekezwa na ofisi inayoshughulikia safari yako. Meno yatengenezwe sasa. Jino linalouma kidogo Dar litakuuma sana ukiwa kwenye baiskeli mwezi wa Januari. Viza ikichelewa, unaweza kupangiwa misheni nyingine kwa muda. Hilo hutokea na halina maana kwamba wito umefutwa. Kuhusu fedha, Mmarekani huchangia dola 500 kwa mwezi tangu 2020, ila kiasi chako unapanga na askofu na rais wa kigingi (kiongozi wa makusanyiko kadhaa ya eneo lako) kulingana na hali ya nyumbani. Usione aibu kuwaambia ukweli wa kipato.

Mafunzo kwa kawaida huanza mtandaoni ukiwa bado nyumbani, kisha unakwenda kituo cha mafunzo ya wamisionari. Tafuta chumba tulivu na intaneti isiyokatika, na uiambie familia mapema kwamba rais wa kigingi akishakusimika, wewe ni mmisionari hata kama bado unalala chumba kilekile. Hakuna tena kutumwa sokoni peke yako wala kukaa na washikaji barazani.

Kuhusu mzigo: suti mbili za rangi ya giza, mashati meupe 7 au 8, tai chache. Usinunue koti la baridi Dar. Litakuwa zito begani na jepesi kwa upepo wa Yorkshire, eneo ilipo Leeds. Chukua huko huko, tena makoti yaliyoachwa na wamisionari waliomaliza mara nyingi yapo kwenye nyumba. Viatu ndivyo vya kutumia pesa. Beba jozi mbili za ngozi zenye soli ya mpira iliyoshonwa, na uzivae kwa zamu, leo hii kesho ile, kwa sababu kiatu kilicholowa kinahitaji saa 24 kukauka ndani. Kikilowa, toa soli ya ndani, jaza magazeti, yabadilishe kabla ya kulala, kiweke mbali na kipasha joto. Ngozi ikikaushwa juu ya kipasha joto inapasuka pale kiatu kinapokunjika, na hapo maji yamepata njia. Soksi ziwe za sufu, si za nailoni. Soketi za umeme za Uingereza ni zilezile za pini tatu tunazotumia sisi, kwa hiyo chaja na pasi ya nyumbani zinaingia bila kigeuzi.

Siku yenyewe huanza saa 12:30 asubuhi. Nusu saa ya mazoezi, kuoga, kifungua kinywa, kisha kujisomea maandiko peke yako, halafu kusoma na mwenzi wako, yaani mmisionari uliyepangiwa kuishi na kufanya kazi naye, mkiandaa masomo ya siku hiyo kwa kutaja majina: nani tunamfundisha leo, swali lake lilikuwa nini mara ya mwisho. Kwa wewe ambaye Kiingereza si lugha ya kwanza, dai nusu saa ya lugha kila siku, na usisome sarufi tu. Sikiliza Kiingereza cha Yorkshire, kwa sababu watu wa Hull na Bradford hawaongei kama redio. Mnatoka asubuhi, mnapata saa moja ya chakula cha mchana na saa moja ya jioni, mnarudi saa 3 usiku, au saa 3:30 mkiwa na somo. Mnapanga kesho, na saa 4:30 taa zinazimwa. Rais wa misheni, yaani kiongozi wa wamisionari wote wa eneo hilo, anaweza kusogeza saa hizi kidogo kulingana na mahali, ila msiisogeze wenyewe. Ratiba huharibika kwa upande wa usiku: mmoja anabaki anapiga soga hadi saa 6, asubuhi kengele inazimwa, kusoma kunaliwa, mnatoka hamna cha kusema mlangoni, siku inakuwa ndefu na chungu. Nawasihi wote wanaokwenda, lindeni saa ya kulala kuliko saa ya kuamka.

Sasa mwenzi. Sheria ni kwamba mnaonana na kusikiana muda wote, isipokuwa bafuni na kwenye mahojiano na rais wa misheni. Hukumchagua, na kila wiki 6 kuna uhamisho ambao unaweza kumwondoa au kukuondoa. Wiki 12 za kwanza unakaa na anayekufundisha kazi. Ugomvi wa wenzi hauanzi na mafundisho ya kanisa. Huanza na vyombo sinkini, kengele inayolia mara tano, dirisha lifunguliwe au lifungwe, na nani anashika simu. Dawa yake ni kikao cha tathmini cha kila wiki, na wanaokifanya kwa haraka hawapati faida yake. Mnaomba, kila mmoja anataja jambo alilofanyiwa na mwenzake likamsaidia, kisha kila mmoja anataja jambo moja tu linalomkwaza, la kitendo, si la tabia. "Wewe ni mvivu" haifai. "Naomba vyombo vioshwe kabla hatujatoka" inafaa. Mnakubaliana, mnaandika, wiki ijayo mnaangalia. Aliyepika haoshi. Ukifika kwenye jambo zito, yaani mwenzi anavunja sheria au ana hali inayokutisha, mpigie rais wa misheni siku hiyo hiyo. Kunyamaza ukidhani unamfichia ndugu yako aibu huwaumiza wote wawili.

Kazi ya nje ina misimu. Disemba jua la Leeds linazama kabla ya saa 10 jioni, na kugonga mlango wa mtu asiyekujua gizani humtia hofu, hasa mzee anayeishi peke yake. Kwa hiyo baridi ikiingia, milango iwe ya mchana, na jioni iwe ya miadi, ya simu, ya kuwatembelea waumini. Juni ni kinyume: mnaingia ndani jua bado lipo, hivyo tafuteni pazia zito la sivyo hamtalala. Milango yenye vibandiko vya kukataa wauzaji na wahubiri iacheni. Mlangoni jitambulishe, sema kwa sentensi moja mmeleta nini, uliza swali moja, nyamaza. Akikataa, shukuru na ondoka. Asibishaniwe mtu nyumbani kwake. Wamisionari wawili wa kiume hawaingii nyumba yenye mwanamke peke yake, hata kama mvua inanyesha. Pangeni kurudi akiwepo mwanamume mwingine mtu mzima, au njooni na waumini.

Somo la dakika 20 au 30 linaeleweka kuliko la saa nzima. Malizeni kwa miadi yenye siku na saa, na muandike kwenye simu jioni ileile, kwa sababu uhamisho ukija, anayekuja baada yako atategemea maandishi hayo pekee. Anayetaka kubatizwa lazima awe anahudhuria mkutano wa sakramenti (ibada kuu ya Jumapili), ahojiwe na kiongozi wenu wa wilaya (mmisionari anayeongoza kundi dogo la wamisionari), na kama ni mtoto chini ya miaka 18, wazazi wakubali. Msiharakishe mtu ili namba ionekane. Mtu aliyebatizwa bila rafiki hata mmoja kanisani hapotei kwa kukosa imani, hupotea kwa kukosa wa kukaa naye Jumapili.

Chai itakutesa kidogo. Yorkshire chai ni heshima ya mgeni kama kwetu, na sisi kwa Neno la Hekima, sheria ya afya ya kanisa letu, hatunywi chai ya majani wala kahawa. Sema "hapana, asante, lakini maji ya moto yanatosha" na tabasamu, usianze hotuba. Chai ya mchaichai au ya tangawizi tupu ni ruhusa. Jumapili ya kwanza ya mwezi ni ya kufunga, milo miwili, na wamisionari husahau kunywa maji ya kutosha Jumamosi, kisha kichwa kinawauma katikati ya mkutano.

Jumatatu ni siku ya maandalizi, hadi saa 12 jioni. Hapo ndipo wiki inapojengwa, na ndipo wengi wanapoibomoa kwa kulala mchana kutwa. Utaratibu unaofanya kazi: mashine ya kufulia iwashwe mapema asubuhi, kola zikiwa zimesuguliwa sabuni ya mche kabla hazijaingia, wakati nguo zinazunguka, andika orodha ya soko, nenda sokoni, rudi pika, mchana piga simu nyumbani. Tangu Februari 2019 simu ya kila wiki kwa familia inaruhusiwa, na ya video pia. Tanzania iko mbele kwa saa 3 wakati wa baridi na saa 2 wakati wa kiangazi. Mama asipoelezwa atakesha na simu mkononi. Mpira chezeni, lakini polepole: vifundo vya miguu huteguka Jumatatu na wiki nzima inakuwa ya kukaa ndani. Kuogelea hakuruhusiwi kabisa.

Posho huingia kwenye kadi na haitoshi kwa vyakula vya kununua tayari. Kwa watu wawili kwa wiki, hesabu kilo 2 za mchele, nusu kilo ya maharage makavu, mayai 24, kabichi mbili, vitunguu kilo moja na nusu, shayiri ya uji kilo moja, nyanya za kopo 6, kuku mmoja. Unga wa sembe unapatikana maduka ya Waafrika. Maharage mekundu loweka usiku wa Jumapili, mwaga maji hayo, kisha yachemke kwa nguvu angalau dakika 10 kabla ya kupunguza moto. Yakipikwa kwenye chungu cha umeme cha moto mdogo bila kuchemka hivyo, sumu yake ya asili haivunjiki, na usiku mzima mtashindania choo. Gawanya kwenye vyombo, weka kwenye friza, na jioni ya Alhamisi mkirudi mmelowa, chakula kipo.

Nyumba nyingi ni za zamani na zina unyevu. Nguo zikianikwa juu ya vipasha joto huku madirisha yamefungwa, baada ya mwezi kuna ukungu mweusi ukutani na kikohozi kisichoisha. Anikeni kwenye chumba kimoja, mlango umefungwa, dirisha wazi kidogo.

Baiskeli zinafaa Hull, ambako ni tambarare. Bradford na Sheffield vilima vitakuonyesha. Kofia ngumu kila safari, taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma, kiraka na pampu kwenye begi. Ukipewa gari, mwenzi hushuka kumwelekeza dereva kila anaporudi nyuma.

Ukiugua, toa taarifa siku ya kwanza. Hii ni pamoja na kuugua moyoni: kukosa usingizi wiki mbili, kulia bila sababu, kuogopa kutoka. Kuna washauri wa kuzungumza nao kwa simu, na anayerudi nyumbani kwa matibabu ametumikia kwa heshima. Wazazi wanaosoma hapa, tafadhali msimuulize mtoto aliyerudi mapema "umefanya nini".

La mwisho: Hull, Bradford na Sheffield wana familia za Wakongo waliopelekwa huko kama wakimbizi kuanzia miaka ya 2000, wengi wao wanaongea Kiswahili. Kwenye mahojiano yako ya kwanza mwambie rais wa misheni kwamba Kiswahili ni lugha yako, na usisubiri aulize.