Kaka anasema nyumba ni yake

SWALI: Assalaam aleikum mzee. Baba ametuacha mwezi wa nne. Tuko mama, wanaume wawili na wanawake watatu. Wazazi wake walitangulia. Kuna nyumba ya vyumba sita Majengo, ardhi si yetu. Kaka mkubwa anakusanya kodi, na ametoa karatasi yenye sahihi ya baba kwamba nyumba kapewa yeye. Tufanyeje? – Binti wa Majengo

JIBU: Wa aleikum salaam binti yangu, poleni na msiba. Nilipokuwa karani mahakama ya Kadhi hapa Mombasa, karatasi kama hiyo ilinipitia mezani mara nyingi, aghalabu imekunjwa mara nne na wino umefifia. Swali langu lilikuwa moja tu: kodi ya mwezi wa mwisho wa uhai wa baba, nani aliitia mfukoni? Ikiwa ni baba mwenyewe, basi hakukabidhi kitu, na hiba, yaani zawadi ya mtu akiwa hai, isipokabidhiwa ni dhaifu. Ukiiita wasia nao haushiki, kwa kuwa mrithi hausiwi ila warithi wenzake waridhie baada ya kifo. Hata asiye mrithi hausiwi zaidi ya thuluthi ya mali.

Ondoeni kwanza gharama za mazishi na madeni ya marehemu. Kama hakuna wasia mwingine, kinachobaki kitakatwa mafungu manane: mama moja, kila mwanamume mawili, kila mwanamke moja. Hesabu yenu imekaa sawa mpaka raha. Wengine humaliza na sehemu za ishirini na nne wakagombania chumba cha choo.

Lakini mnarithi nini hasa? Kuta na paa. Kiwanja ni cha mtu mwingine, na ndiyo shida ya nyumba bila ardhi. Tafuteni risiti za kodi ya kiwanja, hata za zamani, mjue ziliandikwa jina la nani, na msiache kulipa hata mwezi mmoja huku mnagombana. Kaka akimwendea mwenye kiwanja peke yake abadilishe jina, hapo mtachoka.

Pateni cheti cha kifo na barua ya chifu yenye majina ya warithi wote, hata la dada aliyeolewa mbali, kama yupo. Wote mkiwa Waislamu na mkikubali kuhukumiwa naye, fungueni faili kwa Kadhi. Kwa sheria ya urithi ya Kenya, anayejishughulisha na mali ya marehemu bila idhini anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 10,000, au kifungo kisichozidi mwaka 1, au vyote viwili. Msianze kumtisha kaka nayo.

Mwiteni ami yenu, muombeni kaka daftari la kodi mbele yake. Akikataa, mwambieni Kadhi siku ya kwanza. Na mama yu ndani ya edda, muda wa mjane kungojea, miezi minne na siku kumi. Asibughudhiwe na mtu kuhusu chumba chake.