Fundi Anajibu: Mashine Imewaka, Sauti Imegoma

Barua za safari hii karibu zote ni za Hackintosh, yaani kompyuta za kujiundia zinazoendesha macOS bila kuwa Mac. Sishangai. Mtu akishamaliza kazi ngumu ya kuiwasha, kinachobaki kumkosesha usingizi ni sauti.

Fundi, shikamoo. Nimeunda mashine yangu mwenyewe: prosesa ya Intel ya kizazi cha Haswell, ubao mama wenye kodeki (chipu ya sauti) ya Realtek ALC887, macOS Big Sur, na ninawashia OpenCore, programu ya kuiwashia macOS. Picha safi, intaneti inakwenda, ila sauti hakuna. Kwenye mipangilio ya sauti naambiwa hakuna kifaa cha kutolea sauti. Folda ya EFI, yenye faili za kuwashia, nilipewa na rafiki ambaye mashine yake inaimba vizuri. AppleALC, ile keksti (kipande cha kuongeza kwenye macOS) ya sauti, imo, na layout-id, yaani namba ya mpangilio wa kodeki, nimeandika 11000000 kwa sababu nilisoma kwamba 11 ndiyo inayofaa. Nimebadili viraka, yale marekebisho madogo ya mfumo, mpaka nimechoka. Nifanyeje? — Bubu wa Mezani

Marahaba, Bubu. Mashine yako ina kosa moja ninaloliona kwa macho kutoka hapa nilipo, la pili ninalolishuku sana, na la tatu tutalitafuta hayo mawili yakishindwa kuleta sauti.

Nianze na ninaloliona. Ile sehemu ya layout-id inaandikwa kwa baiti nne za heksadesimali (hesabu ya msingi wa kumi na sita), na baiti ndogo hutangulia. Kumi na moja ya kawaida, katika hesabu hiyo, ni 0B. Kwa hiyo inaandikwa 0B000000. Wewe uliyoandika, 11000000, AppleALC inaisoma kuwa kumi na saba. Umeomba mpangilio mwingine kabisa. Namba ndogo kama 1, 2, 3, 5 na 7 hazimuumbui mtu kwa sababu zinafanana katika hesabu zote mbili. Matata huanza ukivuka tisa. Nimekwisha kuona watu wakibadilisha ubao mama mzima kwa kosa hili.

Ili usiumie na heksadesimali wakati wa majaribio, iache kwanza. Nenda kwenye boot-args (maagizo ya kuwashia) ndani ya config.plist, faili ya mipangilio ya OpenCore, uandike alcid=11. Hapo namba ni ya kawaida ya kuhesabia vidole, na alcid ina nguvu kuliko layout-id. Jaribu mipangilio inayotajwa kwa ALC887, mmoja baada ya mwingine, ukiwasha upya kila mara. Ukipata unaotoa sauti katika matundu yote unayoyahitaji, ya mbele na ya nyuma, na maikrofoni ikasikia, ndipo uuandike kwa heksadesimali kwenye layout-id na kuifuta alcid. Wengi husahau kuifuta. Baada ya mwezi wanabadili layout-id, hakuna kinachobadilika, wanadhani wamerogwa.

Sasa ninaloshuku. Umesema folda ni ya rafiki. Je, rafiki yako ana Haswell? Mashine za kizazi cha Skylake na kuendelea huwa na kidhibiti cha sauti kwenye anwani PciRoot(0x0)/Pci(0x1f,0x3). Za kwako, za Haswell na zilizotangulia, huwa PciRoot(0x0)/Pci(0x1b,0x0). Ikiwa yake ni mpya kuliko yako, layout-id yako imebandikwa kwenye mlango wa nyumba isiyo yako. Hata ungeandika namba sahihi, hakuna wa kuisoma. Fungua sehemu ya DeviceProperties kwenye config.plist uangalie. Kipimo kizuri ni hiki: ikiwa alcid inatoa sauti lakini layout-id haitoi, namba ni nzima na anwani ndiyo mbovu.

Vyote viwili vikiwa sawa na bado kimya, usiguse kiraka chochote kabla hujajua nani hasa amenyamaza. Fungua IORegistryExplorer, programu inayoonyesha vifaa ambavyo macOS imeviona, tafuta HDEF, ndicho kidhibiti cha sauti. Ukiikuta, na chini yake ukaona IOHDACodecVendorID ikiwa 0x10EC0887 (10EC ni Realtek, 0887 ndiyo kodeki yako, wakati mwingine inaonyeshwa kwa namba za kawaida, 283904135), basi mfumo umeiona kodeki na umezungumza nayo. Tatizo litakuwa mpangilio tu. Ukiikuta HDEF lakini kodeki haimo, angalia kama Lilu na AppleALC zimepakiwa kweli, na kama Lilu imetangulia kwenye orodha ya keksti. AppleALC inamtegemea Lilu. Ikitajwa kabla yake haifanyi kazi. Kuziweka tu kwenye folda haitoshi, sharti ziandikwe kwenye config.plist kwa utaratibu huo.

Na kama Lilu ipo, AppleALC ipo, anwani ni sahihi, na AppleHDA, draiva ya sauti ya Apple yenyewe, bado inakataa kushika? Hapo ndipo kiraka cha ACPI (majedwali ambayo BIOS huyatumia kuueleza mfumo vifaa vya ubao) kinapopata kazi. Kwenye mashine za umri wa yako, kifaa kinachoitwa HPET, saa mojawapo ya ubao, kinaweza kukosa namba za IRQ (za kuiita prosesa) ambazo macOS inazitaka, kwa kuwa saa nyingine, RTC na TIMR, zimezikalia. AppleHDA ikikosa IRQ yake inakaa pembeni bila kusema neno. Programu ya SSDTTime ina chaguo la FixHPET: inasoma DSDT (jedwali kuu la ACPI) ya ubao wako wewe, inakutengenezea SSDT-HPET (jedwali dogo la nyongeza) pamoja na viraka vya kubadili jina la _CRS kuwa XCRS, na unavibandika vyote pamoja. Ukichukua SSDT ukaacha viraka vyake, au viraka ukaacha SSDT, ni heri usingefanya lolote.

Na hiyo folda ya rafiki, Bubu, mrudishie kwa shukrani. Viraka vya ACPI hushonwa kwa kipimo cha ubao mmoja na toleo moja la BIOS. Koti la mwenzio unaweza kulivaa, ila mikono itakufika kwenye viwiko.

Mashine yangu ilikuwa ikifanya kazi miaka mitatu bila shida. Wiki jana nikasasisha BIOS kwa sababu niliona toleo jipya limetoka. Sasa inakwama mapema kabisa kwenye kuwaka, na mara mbili ilipofanikiwa kuwaka haikuwa na sauti. Nina DSDT niliyoifanyia viraka zamani. Nirudishe BIOS ya zamani? — Najuta Mwenyewe

Usikimbilie kurudisha. Kusasisha BIOS kumefanya mambo mawili kwa mpigo, na yote yanatibika.

La kwanza: mipangilio yako yote imerudi kama ilivyotoka kiwandani. Ingia ndani uzime Secure Boot, Fast Boot na CSM, uwashe Above 4G Decoding kama ipo, na uhakikishe kidhibiti cha sauti cha ubao hakijazimwa. Kisha CFG Lock. Hii hufunga rejista iitwayo MSR 0xE2, ambayo macOS hutaka kuiandika ili isimamie nguvu za prosesa. Ikiikuta imefungwa, inaanguka mapema, sawasawa na unavyoeleza. Kama BIOS haina sehemu ya kuifungua, washa AppleXcpmCfgLock kwenye OpenCore, inatosha kwa Haswell na kuendelea.

Kama zamani uliifungua kwa kuandika moja kwa moja kwenye kumbukumbu ya BIOS kupitia ganda la GRUB (dirisha la kuandikia amri kabla mfumo haujawaka), nakuomba sana usirudie namba ile ile. Mahali inapokaa CFG Lock panaweza kuhama kutoka toleo moja la BIOS hadi jingine. Ukiandika mahali pasipo pake unaweza kubakiwa na ubao usiowaka kabisa, na hapo utatafuta kifaa cha kuandikia chipu kwa waya na vibanio. Nimeshika vibanio hivyo mara moja, chipu ya pini nane, mkono ukitetemeka. Sina hamu.

La pili ni hiyo DSDT yako. Iondoe. Ni picha ya BIOS ambayo haipo tena. Ndani yake mna anwani za kumbukumbu, kama ile ya GNVS, ambazo hupangwa na BIOS na huweza kubadilika BIOS ikibadilika, au hata ukiongeza RAM tu. Ukiilazimisha mashine itumie DSDT ya zamani unaipa ramani ya mji uliohamishwa. Ndiyo maana siku moja inawaka, siku nyingine haiwaki.

Miaka ile tulikuwa hatuna njia nyingine. Tulitoa DSDT nzima, tukaisahihisha mstari kwa mstari, tukaibandika yote. Siku hizi unaongeza vipande vidogo vya SSDT pembeni na kuiacha DSDT ya ubao kama ilivyo: SSDT-PLUG kwa usimamizi wa prosesa, SSDT-EC kwa sababu tangu macOS Catalina mfumo unataka kuona kifaa chenye jina EC, na SSDT-HPET ikihitajika. Kwenye EC, tengeneza ya bandia. Usibadili jina la EC0 ya kweli, kidhibiti cha ubao wenyewe, kuwa EC, maana draiva ya Apple inaweza kuishika ikidhani ni ya Mac.

Tena kumbuka kwamba OpenCore hubandika viraka vya ACPI kwa kila mfumo unaouwasha kupitia kwake, Windows ikiwemo. SSDT iliyoandikwa vizuri huuliza kwanza kama ni Darwin (kiini cha macOS) kabla ya kufanya lolote. Isiyouliza ndiyo inayoangusha Windows.

Fanya majaribio haya yote kwenye flashi ya FAT32 yenye nakala ya EFI, na ile ya kwenye diski usiiguse mpaka umeridhika.

Sauti yangu huja na kuondoka. Asubuhi ipo, jioni haipo. Sijabadilisha kitu. — Mwenye Mashaka

Una Windows kwenye mashine hiyo hiyo? Hukusema, lakini naweka dau.

Nilipata ugonjwa huu kwenye mashine yangu. Nikalaumu AppleALC, nikalaumu umeme, nikabadili mpangilio mara saba. Mwisho nikachukua daftari nikaandika kila siku: saa ngapi nimewasha, sauti ipo au haipo, na kabla ya hapo nilikuwa nafanya nini. Baada ya wiki mbili jibu lilikuwa limejiandika lenyewe. Siku zote za ukimya nilikuwa nimetoka Windows kwa kuwasha upya, si kwa kuzima. Draiva ya Windows huiacha kodeki katika hali yake, na kuwasha upya hakuikatii umeme, kwa hiyo macOS inaikuta kodeki ingali na mambo ya mwenzake.

Zima kabisa, hesabu hadi kumi, washa. Kisha ndani ya Windows zima kile kinachoitwa Fast Startup, kwa sababu ukiiacha, hata kuzima kwako si kuzima kamili. Kama sauti hupotea baada ya mashine kulala usingizi na si baada ya Windows, niandikie tena. Hiyo ni kesi nyingine.

Nasikia sauti kupitia HDMI lakini vitufe vya kupandisha na kushusha havifanyi kazi. Nitumie layout-id gani? — Msikilizaji

Hakuna. Sauti ya HDMI hupita kwenye kadi ya picha, haiigusi kodeki ya ubao. Na kutoweza kuipandisha kwa vitufe ni tabia ya macOS yenyewe. Hata wenye Mac halisi hutumia rimoti ya televisheni.

Je, ni halali? Na nisasishe kwenda Tahoe (macOS 26) au nibaki? — Mwenye Haraka

Leseni ya macOS inaruhusu kuiweka kwenye kompyuta zenye nembo ya Apple tu. Hivyo kwa kujiundia unakwenda kinyume cha leseni, jua hilo. Kampuni ya Psystar ya Marekani iliyokuwa ikiuza mashine za namna hii zikiwa tayari ilishtakiwa na Apple mwaka 2008, na mwaka uliofuata mahakama iliipa Apple ushindi. Usimuundie mtu kwa malipo.

Kuhusu Tahoe: baki ulipo kama sauti ya ubao ni muhimu kwako. Katika macOS 26 Apple wameiondoa AppleHDA, na AppleALC kazi yake yote ilikuwa kuirekebisha hiyo. Hakuna layout-id itakayokuokoa. Wapo wanaoirudisha AppleHDA kwa kuupasua mfumo, na wapo wanaorudi kwenye VoodooHDA, ile draiva ya zamani yenye mikwaruzo kwenye hedifoni. Mimi, kama ningelazimika, ningechomeka kadi ndogo ya sauti ya USB. Zinazofuata kiwango cha kawaida cha sauti ya USB macOS huzitambua bila draiva wala kiraka. Hata hivyo Tahoe ndilo toleo la mwisho kwa prosesa za Intel, kwa hiyo haraka yako inakupeleka kwenye kituo cha mwisho cha gari.

Na kwa yule aliyenitumia picha ya skrini yenye nembo ya tufaha na mstari uliosimama nusu, akiuliza nimwambie kasoro iko wapi: ongeza -v kwenye boot-args, washa, subiri maandishi yasimame, upige picha mistari ya chini. Safari hii shika simu kwa mikono miwili.