Punda anayekataa hatamu: usimshike sikio

Punda akikataa kuvaa hatamu, wapo wanaoshauri umpinde sikio ili atulie. Hapana, usifanye hivyo. Leo atasimama kwa maumivu, kesho hatakuruhusu hata umguse kichwa, na hatamu yenyewe inapita hapo hapo masikioni.

Msogelee kwa upande wa bega, maana mbele kabisa ya paji la uso haoni vizuri. Anza na kamba tupu: msugue nayo shingoni, na akitulia hata sekunde mbili, iondoe. Kule kuiondoa ndiko kunakomfundisha. Ukiiondoa anaporusha kichwa, umemfundisha kurusha kichwa! Siku zinazofuata isogeze kamba hadi shavuni, puani, kisha nyuma ya masikio. Dakika kumi zinatosha, halafu mwache. Hatamu iwe ya kufungwa ubavuni mwa shavu, usilazimike kuyapitisha masikio.

Nimekulia Lamu, nyumba ya wenye punda wa kubeba mawe na mchanga, na wengi tuliowaita wakaidi walikuwa waoga tu. Farasi akiogopa hutimua mbio, punda hukakamaa.

Ila kama alikuwa akivaa vizuri na amegoma ghafla, mkague kwanza: kupe masikioni, kidonda chini ya kamba, jino bovu. Hapo ni kazi ya daktari wa mifugo. Na usiku mvue hatamu, isije ikanasa kwenye mti.