Maswali na majibu: fuvu, farasi na giza la Caravaggio

Fuvu mikononi mwa Mtakatifu Fransisko si alama ya Frimasoni?

Hapana, na swali hili nimelijibu mara nyingi mno. Zurbarán, mchoraji wa Hispania aliyemchora Fransisko amepiga magoti na fuvu mikononi, alifariki mwaka 1664. Baraza kuu la Frimasoni la London liliundwa 1717. Piga hesabu kabla ya kuniandikia. Fuvu linasema lile lile unaloambiwa Jumatano ya Majivu: u mavumbi, na mavumbini utarudi. Ndiyo maana liko pia mapajani mwa Magdalena wa mchoraji Mfaransa Georges de La Tour. Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, uliagiza mwaka 1563 kwamba picha ziwafundishe waumini na zisiwapotoshe. Mchoraji wa kanisa alikuwa anahubiri, hafichi kitu. Anayekuletea video za "siri zilizofichwa" anakufundisha kuwaogopa watakatifu wako mwenyewe. Mkimbie.

Paulo alianguka kutoka kwenye farasi gani?

Soma Matendo ya Mitume, sura ya 9. Farasi hayumo, waliomleta ni wachoraji.

Yule dada mwenye macho mawili kwenye sahani ni nani?

Lusia wa Sirakusa. Mwenye matiti sahanini ni Agata, mwenye gurudumu ni Katarina wa Aleksandria. Anzeni na chombo alichoshika mtakatifu, ndipo mniulize jina.

Caravaggio alichora kwa mwanga wa mshumaa?

Mshumaa ni wa La Tour. Kwa Caravaggio, mchoraji wa Italia, tazama "Kuitwa kwa Mathayo" ya 1599–1600, katika kikanisa kimoja ndani ya kanisa la San Luigi dei Francesi, Roma. Dirisha lililochorwa ukutani halitoi mwanga wowote. Nuru inatokea kulia, juu ya kichwa cha Kristo, inafuata mkono wake hadi kwa watoza ushuru walioketi mezani. Sasa simama ndani ya kikanisa chenyewe: picha iko ukuta wa kushoto, na dirisha halisi liko juu ya altare, kulia kwako unapoitazama picha. Nuru ya jengo na nuru ya picha zinatoka upande mmoja! Kitabu hakikuonyeshi hilo.

Kuhusu ufundi, mara nyingi alianza na turubai iliyokwisha kupakwa rangi ya udongo iliyokoza, akajenga sehemu zenye mwanga juu yake, na penye kivuli akaiacha rangi ya chini ionekane. Hakuna mchoro wake hata mmoja wa karatasi unaojulikana. Ipo mikwaruzo aliyoichora kwenye rangi mbichi, kujiwekea mahali pa kichwa au mkono.

Picha ya Caravaggio niliyochapisha ni nyeusi sana. Niongeze mwanga kwa simu?

Usiguse. Giza hilo ni nusu ya kazi.

Mbona Mtakatifu Serapioni hana damu, na aliuawa kwa mateso?

Swali zuri kuliko yote ya mwezi huu. Zurbarán, mwaka 1628, aliyaacha mateso nje ya picha. Unaona mikono iliyofungwa juu, kichwa kimelala begani, na joho jeupe ambalo mikunjo yake imejaa uzito wa mwili uliokwisha kulegea. Weupe huo ni vazi la shirika lake, Wamersedari, walioweka nadhiri ya kujitoa wenyewe kuwa fidia ya mateka. Picha ilichorwa kwa ajili ya chumba cha monasteri yao, Seville, walimolazwa mabruda waliofariki kabla ya kuzikwa. Waliokuja kumwombea mwenzao walikuwa wamevaa joho lile lile.