Nimehamishia apu kwenye memori kadi, mbona simu bado imejaa?

SWALI: Fundi habari za kazi. Nauza vitenge na madera kwa WhatsApp, nipo Mbagala Rangi Tatu. Simu yangu ni ya GB 32 na kila siku inaniandikia nafasi imeisha, mpaka mteja akinitumia picha ya mshono haifunguki. Nikanunua memori kadi ya GB 64 Kariakoo, nikaingia kwenye seting nikahamishia apu huko, ila nyingine hazina kitufe cha kuhamisha, WhatsApp ndo kabisa, na hizo zilizokubali nafasi imeongezeka kiduchu tu. Mdogo wangu ananiambia nifomati kadi iwe memori ya ndani, nifanye hivyo? Halafu ninayo kadi nyingine ya zamani ina picha za send-off ya dada, nikiiweka kwenye simu hii inasema niifomati kwanza. Nifanyeje? Mama Nasra.

JIBU: Salama Mama Nasra, pole na usumbufu. Kabla ya yote, usifomati chochote, sio kadi mpya wala ya zamani, mpaka umalize kusoma.

Kinachokusumbua ni kwamba apu sio kitu kimoja. Ina mwili wake, ile uliyodaunlodi Play Store, halafu ina mizigo yake, yaani akaunti yako, chati, vitu ulivyosevu humo, pamoja na kashe, yale makorokoro inayojiwekea ili kesho isile bando lako kuyavuta tena. Ukibonyeza kile kitufe cha kuhamisha, kwenye simu nyingi kinachoenda kwenye kadi ni mwili, na huo wenyewe sio wote, mizigo inabaki palepale. Nenda seting, ingia kwenye apu, chagua moja uliyohamisha, gusa storeji, utaona namba zimeachana: apu yenyewe, data, kashe. Tuseme apu ni MB 70 na data ni MB 800, basi we umehamisha zile 70. Umehama Mbagala kwenda Kigamboni umebeba kapeti, kabati umeliacha kwa mwenye nyumba.

Kuhusu zile zisizo na kitufe, anayeamua ni aliyetengeneza apu. Android iliruhusu kuweka apu kwenye kadi tangu toleo la 2.2 mwaka 2010, lakini mtengenezaji akisema yake ibaki ndani basi inabaki ndani, na mara nyingi anakuwa na sababu. Simu ikiwaka kadi inachelewa kusomwa, na kadi ni kitu cha kuchomoa, sasa apu inayotakiwa iwe macho muda wote kama WhatsApp, alamu au kibodi ikikaa huko itakuwa inapotea potea. Fikiria mteja anakupigia anataka dera la njano, kumbe kadi umemuazima kijana wa dukani aweke nyimbo. Zilizokuja na simu nazo hazihami, utazizima tu. Apu za benki na za pesa hata kama zingekubali kuhama mi ningekwambia ziache ndani.

Sasa la mdogo wako. Hajakudanganya, kitu hicho kipo, kilikuja na Android 6 mwaka 2015, simu inaichukua kadi inaifanya sehemu ya mwili wake. Na niseme ukweli, kwa njia hiyo hata picha na video za WhatsApp zinaweza kuhamia kwenye kadi, kitu ambacho njia ya kawaida haifanyi. Ila gharama yake ndo watu hawaambiwi. Kwanza kadi inafutwa yote. Pili inafungwa kufuli, na ufunguo wa hilo kufuli unakaa ndani ya simu hiyohiyo moja, kwa hiyo ukiichomoa ukaiweka kwenye simu nyingine au kompyuta haisomeki, itakuomba uifomati. Simu ikiingia maji ikafa, kadi nzima haina kazi hata kama yenyewe haijaguswa na tone. Kadi ikifa, apu na picha zilizokuwa humo zimekwenda nayo. Na kadi zinakufa Mama Nasra, mi nazitoa kwenye simu kila wiki.

Kuna dada aliniletea simu hapa mezani, apu zake zimegeuka kijivu, ukigusa hazifunguki, galari tupu. Nikamuuliza kadi iko wapi, akasema kamuachia mwanae anaangalia katuni kwenye simu nyingine. Tukampigia yule mtoto, jibu lake mpaka leo ninalo kichwani: "Mama, ilikuwa inaniuliza nifomati, nikakubali." Hapo hata mimi sikuwa na la kumfanyia.

Kwa hiyo kwa mtu anayefanya biashara na simu moja, mi sikushauri. Halafu simu nyingi za Samsung hilo chaguo hazina kabisa kwenye menyu, usihangaike kulitafuta kama yako ndo hiyo.

We unachotakiwa kuhamisha ni picha na video, apu ziache zilipo. Anza na kamera, ingia kwenye seting za kamera yenyewe, tafuta sehemu ya kuchagua mahali pa kuhifadhi, weka memori kadi, kuanzia leo kila dera utakalopiga picha linaenda huko. Zile za zamani tumia apu ya Files ya Google au kidhibiti faili kilichokuja na simu, chagua, KOPI kwenda kwenye kadi, fungua kama kumi hivi uone kama zinafunguka vizuri, ndo urudi kufuta za ndani. Watu wanabonyeza hamisha moja kwa moja, katikati chaji inaisha, wanaanza kunipigia usiku.

WhatsApp ndo penye mali. Kwenye simu za siku hizi mafaili yake yanakaa memori ya ndani, folda ya Android, halafu media, halafu com.whatsapp (ya biashara imeandikwa com.whatsapp.w4b), ukishuka humo utakuta WhatsApp Images, WhatsApp Video na wenzao. Sasa ingia WhatsApp Images, ndani yake kuna folda imeandikwa Sent. Hapo ndo utashangaa. Kila picha uliyomtumia mteja ina nakala yake humo, wakati ya asili unayo kwenye galari. Kwa mtu anayetuma kitenge kilekile leo kwa huyu kesho kwa yule, hiyo folda inanenepa kimyakimya bila wewe kujua, na ya video vilevile. Hizo nakala kopi kwenye kadi kama una wasiwasi, kisha futa. Ujue tu kwamba ukishaitoa faili pale, ukirudi kwenye chati ya zamani ile picha haitafunguka, chati yenyewe haiguswi. Folda inaitwa Databases usiiguse, mle ndo zinakaa nakala za chati zako.

Halafu ndani ya WhatsApp nenda seting, storeji na data, kuna sehemu ya kudhibiti storeji, itakupangia mafaili yaliyozidi MB 5 na yale yaliyofowadiwa mara nyingi. Yale mahubiri ya dakika 20 na video za "tuma kwa watu kumi", yote yapo hapo yanakusubiri. Ukimaliza zima kudaunlodi kwa kujiendesha, magrupu ya kikoba na kamati za harusi yasiwe yanakujazia simu umelala.

Kashe futa bila woga. Ila angalia kidole, jirani yake kuna kitufe cha kufuta data, hicho ukikigusa apu inaanza upya kama umeinstoo leo.

Kuhusu hiyo kadi ya 64, umeipima? Namaanisha kuipima kwa kuijaza, maana simu ikisoma 64 bado hujajua kitu, kadi feki imechezewa ili iseme uongo. Juzi nimeletewa moja imeandikwa 128, nikaichomeka kwenye kompyuta nikafungua H2testw, ni programu ya bure ya Windows inajaza kadi mpaka mwisho halafu inasoma tena kuhakiki. Uzima wake uliishia kwenye GB 7 na kidogo, zilizobaki ni hewa, unaweka picha inakubali, kesho ukifungua ni nyeusi. Bora ujue hilo kabla hujafuta za ndani. Na siku ukinunua nyingine angalia ile alama ya A1, inamaanisha kadi inatakiwa kusoma vipande vidogo vidogo angalau mara 1,500 kwa sekunde na kuandika mara 500. Ile alama nyingine ya Class 10 inakuhakikishia tu kuandika mfululizo MB 10 kwa sekunde, kwa picha na video inatosha, kwa apu inakuwa foleni ya Tazara saa moja asubuhi.

Tumalizie na picha za send-off. Kadi inayoomba kufomatiwa inaweza kuwa imeharibika tu, lakini ulivyoeleza nahisi kuna mtu aliifanya memori ya ndani kwenye simu ya mwanzo, labda huyohuyo mdogo wako. Kama ndivyo, picha zipo na ufunguo uko kwenye ile simu. Iko wapi? Kama imelala kwenye droo ichaji, rudisha kadi humo, iwashe uone galari, zikitokea zikopi kwenye kompyuta siku hiyohiyo. Kama kioo kimekufa niletee pamoja na kadi, kioo kinabadilishwa. Ila kama umeshamgawia mtu, mpigie leo umwambie asiifute iwe kama mpya, na kama ameshaifuta basi muulize dada yako, mpiga picha wa ukumbini alikuwa nani.